"Jambo Bwana": Wimbo wa Mombasa katika Midomo ya Waimbaji

Wachunguzi wa fasihi simulizi hukubali kwamba wimbo huishi katika kuimbwa. Kauli hiyo aghalabu hutumiwa kuhusu nyimbo za ngoma. Nyimbo za bendi hudhaniwa kuwa zimekwisha kufungwa ndani ya santuri. Historia ya "Jambo Bwana" yaipinga dhana hiyo.

Bendi ya Them Mushrooms iliundwa Mombasa mwaka 1972, ikawa ikiwatumbuiza watalii katika hoteli za pwani. Wimbo huo, uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison, ulirekodiwa mwaka 1982, na mwaka 1983 kundi la Boney M. likatoa toleo lake huko Ulaya. Hata hivyo, santuri hizo hazikuuzuia kubadilika. Wimbo umejengwa kwa maamkizi na vipande vifupi vinavyojitegemea, na kiitikio kinachoshikika upesi. Kwa hiyo kila mwimbaji huweza kuondoa kipande na kutia kingine pasipo kuuvunja. Zanzibar hutajwa Zanzibar mahali pa Kenya; wapagazi wa Kilimanjaro huutaja mlima wao.

Utaratibu huo si mgeni Mombasa. Katika chakacha, ngoma ya arusi ya wanawake wa Mji wa Kale, kiongozi hubadilisha maneno kwa kadiri ya shughuli na waliohudhuria, na wenzake huitikia. Tofauti imo katika hadhira. Wasikilizaji wa chakacha wanaijua lugha, hivyo ubeti huelekea kwenye mafumbo na vijembe. Wageni wa hoteli hawaijui, hivyo ubeti huelekea kwenye wepesi.

Wepesi huo ndio uliozua lawama. Mswahili wa Mombasa humwamkia mwenziwe "hujambo", naye hujibiwa "sijambo"; "jambo" tupu ni salamu ya kumpa mgeni. Vivyo hivyo, mtu akitaka kumtoa mwenziwe hofu, kwa kawaida husema "hapana neno" au "usiwe na wasiwasi". Lakini "matata" si neno la kuazimwa hotelini: lina nasaba moja na "tata", "utata" na "tatiza". Basi si haki kuuita wimbo huu Kiswahili kibovu. Ni Kiswahili kilichopunguzwa makusudi kwa ajili ya msikilizaji maalumu.

Hatari iko kwingine. Filamu ya *The Lion King* ilipotoka mwaka 1994, maneno "hakuna matata" yalienea ulimwenguni yakiwa yametengwa na lugha yenyewe. Mwaka 2003 kampuni ya Disney ikayasajili Marekani kuwa alama yake ya biashara kwa mavazi, na mwaka 2018 malalamiko yakazuka Afrika Mashariki. Kisichoandikwa na wenyewe huandikwa na wengine. Yafaa, basi, matoleo yanayoimbwa hotelini, arusini na mlimani yakusanywe na kulinganishwa, kama zinavyolinganishwa nakala za tenzi.