Tarumbeta za Usambara na kipimo cha mpigaji mahiri

MPIGAJI tarumbeta anayepita kwenye nota nyingi kwa kasi hushangiliwa haraka. Lakini katika sharika za Kilutheri za Milima ya Usambara, mkoani Tanga, ala hiyo hutumika zaidi kupiga nyimbo za ibada za mwendo wa taratibu, na ni katika nyimbo hizo upungufu wa mpigaji hujulikana mapema zaidi.

Utamaduni huo una asili ya Ujerumani. Wamisionari wa chama kilichoundwa Berlin mwaka 1886 walifungua kituo Mlalo mwaka 1891, na mwaka 1906 makao makuu ya chama hicho yalihamia Bethel, Bielefeld. Huko Bethel alikuwapo tangu 1893 mchungaji Johannes Kuhlo (1856-1941), aliyezilea kwaya za tarumbeta za Kilutheri hadi akaitwa "Jenerali wa Matarumbeta". Kuhlo alishikilia kuwa ala za shaba sharti ziimbe kama watu. Aliwataka wapigaji wasome nota zilezile za sauti nne zinazosomwa na waimbaji, badala ya kuandikiwa nota za peke yao kama wapigaji wa bendi za jeshi.

Sharti hilo ni gumu kuliko linavyoonekana. Tarumbeta ya kawaida ina vali tatu tu: ya kwanza hushusha sauti kwa toni nzima, ya pili kwa nusutoni, ya tatu kwa toni moja na nusu. Kila mpangilio wa vidole waweza kutoa sauti kadhaa, na itakayotoka huamuliwa na midomo na pumzi. Kadiri mpigaji anavyopanda juu ndivyo sauti hizo zinavyokaribiana, hivyo kosa dogo la midomo humtupa kwenye sauti ya jirani. Tena, vali ya kwanza na ya tatu zikibonyezwa pamoja, sauti hupanda kidogo kupita kiasi. Kasoro hiyo ni ya ala yenyewe. Sikio la mpigaji ndilo la kuisahihisha.

Johann Sebastian Bach aliandika kabla ya vali kubuniwa. Koncheto yake ya pili ya Brandenburg, ya mwaka 1721, humweka mpigaji huko juu kabisa, na hadi leo huogopwa. Gottfried Reiche, mpigaji wa Bach mjini Leipzig, alifariki Oktoba 1734, siku moja baada ya kupiga katika onyesho la usiku mbele ya mtawala. Watu wa wakati wake walitaja uchovu wa kupuliza na moshi wa mienge.

Wimbo wa ibada hauui mtu. Hata hivyo, nota iliyokosewa katika mbio hupita kabla msikilizaji hajaitambua, ilhali sauti nne zikishikiliwa pamoja kwa mapigo manne, mbili zisizolingana husikika zikitetemeka. Katika mwafaka wa meja, sauti ya kati hubidi ishushwe kidogo kuliko ya kinanda ndipo itulie. Hakuna kidole kinachofanya kazi hiyo. Hufanywa na mtu anayewasikiliza wenzake kuliko anavyojisikiliza mwenyewe. Ipo pia pumzi: asiyeyajua maneno ya wimbo hupumua katikati ya neno, na waimbaji hukatika naye.

Lushoto, mji ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, huongeza mtihani wake. Hewa iliyo ndani ya tarumbeta ikipoa kwa nyuzi 10, sauti hushuka karibu theluthi ya nusutoni. Ndiyo maana asubuhi ya Juni au Julai mpigaji anayejua kazi yake huipulizia ala pumzi ya moto kimyakimya, muda mrefu kabla ya wimbo wa kwanza.