Hodi Iliyopimwa

Ukimwita jirani aliye ng'ambo ya bonde, wangoja aitike. Akikawia, huenda yuko mbali. Asipoitika, labda sauti imepotea njiani. Kompyuta nazo hupimwa vivyo hivyo.

Mwaka 1995 wataalamu wa maabara ya SLAC, huko California, Marekani, walianza kazi iitwayo PingER. Wanafizikia wa nchi nyingi walikuwa wakipelekeana hesabu nyingi mno kwa mtandao. Basi kompyuta moja ilipigia nyingine hodi. Muda wa jibu uliandikwa, na hodi zilizopotea zilihesabiwa. Baadaye nchi za Afrika zilipimwa pia.

Hodi ya kwetu Tanzania ilikawia. Kwa nini? Habari nyingi zilipitia setilaiti iliyo juu kilomita 36,000 hivi. Kwenda na kurudi kulichukua kama nusu sekunde. Msidharau nusu sekunde! Mzigo mkubwa hugawanywa vifurushi, na mtumaji hungoja jibu mara kwa mara kabla ya kuendelea. Kungoja huko hujumlika.

Julai 2009 waya wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulianza kazi Dar es Salaam. Wapimaji wakaona muda wa jibu ukipungua.

Kipimo hakikulaza waya, lakini kilionyesha nani ameachwa nyuma, na kwa kiasi gani. Mlalamikaji asiye na hesabu huambiwa avumilie.

Sasa jadilini: ni jambo gani kijijini kwenu hukawia, nanyi hamjalipima?