Nengonengo: mzizi wa kichwa uliokatwa, ukaandikwa, ukaachwa

Mwaka 2026 inatimia miaka 40 tangu kuanza kwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI kwa wengi. Zitatajwa hekta zilizorudi kijani, zitatajwa kuni, maji na malisho. Upo mti mmoja unaostahili nao kutajwa kwa jina: nengonengo. Wanyamwezi huuita muteyo, na katika vitabu vya Kiswahili ni mzigi. Kiangazi kikielekea ukingoni, nyika ikiwa bado kavu, wenyewe huchanua maua ya zambarau yanayonukia. Bafumu wa Usukuma, yaani waganga, wanaujua kwa kilicho chini ya ardhi. Unga wa mzizi wake hunuswa, au mgonjwa hufukizwa, kichwa kinapouma.

Ganda la mzizi huo likikwanguliwa, pua hulitambua mara moja: harufu ya dawa ya kuchua misuli. Si mfanano tu. Mwaka 2002 watafiti waliokuwa wakichunguza jinsi wakulima wa Ghana wanavyokinga nafaka ghalani kwa mzizi huohuo walithibitisha kuwa harufu yake inatokana hasa na methilisalisileti, kiambato kilekile cha dawa za kuchua. Mwilini hugeuka kuwa asidi ya salisiliki, ndugu wa damu wa aspirini, ambayo Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer aliiunda mwaka 1897 wakati Shinyanga ikiwa chini ya Wajerumani.

Tena, mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanakemia wa Italia waliripoti kuona katika mzizi huo elimoklavini, kemikali ya ukoo wa ergotamini. Ergotamini, iliyopatikana mwaka 1918, ndiyo iliyokuwa dawa kuu ya kipandauso kwa miongo mingi.

Shinyanga ilikuwa karibu kuupoteza mti huu, na kisa chake kinaanza na mbung'o. Katika miaka ya 1920, C. F. M. Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, aliamua kwamba malale yatashindwa kwa kumnyima mbung'o kivuli. Machifu wa Kisukuma walitoa watu, maelfu kwa maelfu, na shoka zikaingia msituni. Makao ya utafiti wa mbung'o yakawekwa Shinyanga ya kale, si mbali na Ibadakuli ulipo uwanja wa ndege.

Katika ofisi hiyohiyo alikuwapo B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea. Wenzake wakipanga msitu upi uanguke, yeye alizunguka nyikani akichuma majani na matawi, akiainisha miti mmoja baada ya mwingine. Ofisi moja ilishika shoka mkono huu na kalamu mkono ule. Juni 1938 ndege iliyowabeba Burtt na Swynnerton ilianguka, wakafa pamoja. Mwongozo wa Burtt wa kutambua miti ya Tanganyika ulichapishwa baada ya kifo chake. Miti iliendelea kupungua: baada ya mbung'o likaja shamba la pamba, na baada ya pamba, ng'ombe wengi kupita malisho.

Kufikia miaka ya 1980 watu waliifananisha Shinyanga na jangwa. HASHI ilipoanza mwaka 1986, ngitili, yale malisho ya akiba ya Wasukuma, zilikuwa zimebaki kama hekta 600. Ndani ya miaka 20 zilipita hekta 300,000. Hakuna aliyehitaji kuwafundisha wenyeji ngitili ni nini. Walihitaji kuachiwa waifufue.

Nyika ikarudi na duka lake la dawa. Mwaka 1999 Dery, Otsyina na Ng'atigwa walichapisha utafiti walioufanya pamoja na waganga wa Shinyanga, wakiuliza miti ipi ya dawa ipandwe kwanza. Nengonengo ulikuwa miongoni mwa iliyopewa kipaumbele. Waganga walikuwa na sababu: anayetaka mzizi huchimba, na mti ukichimbwa sana hufa.

Wagonjwa nao wapo. Huko Haydom, Mbulu, timu ya daktari wa mishipa ya fahamu Andrea Winkler ilipita nyumba kwa nyumba na kuhoji watu zaidi ya 7,000. Kipandauso kilionekana waziwazi, wanawake wakiwazidi wanaume karibu mara tatu. Ile dhana kwamba ni ugonjwa wa watu wa mjini haikusimama.

Hapa ndipo simulizi inapopungua kasi. Muhimbili ilianza kitengo cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, na sheria ya tiba asili ikapitishwa mwaka 2002. Lakini nengonengo si mti wa kuachiwa bahati. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya methilisalisileti kina nguvu ya vidonge zaidi ya 20 vya aspirini, na mzizi wenyewe umewahi kuua watu kusini mwa Afrika. Kuuacha uuzwe kwa kipande, bila mizani wala kipimo, ni kumtupa mganga na mgonjwa kwa pamoja.

Sherehe za miaka 40 zingependeza zikiambatana na kitalu cha nengonengo Shinyanga, maabara ya kupima kila mzizi, na waganga wa Ibadakuli wakiwa wameketi meza moja na madaktari, majina yao yakiandikwa pamoja kwenye ripoti.