Kilti Haipigwi Upindo?

Mwambie kijana wa mjini kwamba iko nchi Ulaya ambako mwanaume rijali huvaa sketi ya marinda siku ya harusi yake, kwanza atacheka. Mwache acheke. Akimaliza, mwulize hivi: hiyo sketi chini imemalizwaje? Imepindwa, imepigwa ovaloki, au imeachwa hivihivi? Hapo ndipo penye historia, tena historia yenye jela na damu.

Kilti ya Waskoti, ile ya sufu, haina upindo. Fundi hakunji chini hata robo inchi. Ukingo unaouona kwenye magoti ni ubavu wa kitambaa chenyewe kama kilivyotoka kwenye mtambo, pale uzi wa mshindio unapofika mwisho, ukageuka na kurudi. Chukua kikoi utaelewa. Ubavu wake mrefu haufumuki ingawa hakuna aliyeushona, na matamvua yako kwenye ncha fupi, kwa sababu huko ndiko kilikokatwa. Kilti ni vivyo hivyo. Kitambaa huzungushwa kiunoni kwa urefu wake, ubavu ukaangukia chini, na ncha iliyokatwa ikasimama wima kwenye paja la kulia. Hapo fundi huchomoa nyuzi moja moja mpaka yabaki matamvua.

Sasa kwa nini asipinde? Kilti kamili inakula yadi 8, mita 7 na ushee za sufu nzito, zote zimelaliana nyuma kwa marinda. Pinda chini, na kila rinda linaongezeka unene. Marinda yatatanuka kama mkia wa bata, na ule mbembeo wa kilti mwenyewe akitembea umekwisha. Kwa sufu, fundi ana haki kabisa.

Lakini desturi hii haikuanzia kwa fundi, ilianzia kwa mfumaji. Mwishoni mwa karne ya 16 wanaume wa Nyanda za Juu za Uskoti walivaa kitu kama blanketi. Mitambo ya mkono ilikuwa myembamba, upana wa inchi 30 hivi basi, kwa hiyo vipande viwili virefu vilishonwa ubavu kwa ubavu. Nusu ya chini ikafungwa mkanda ikawa sketi, ya juu ikatupwa begani, au kichwani mvua ikija. Usiku lote likawa shuka. Katika karne ya 18 wakaanza kuvaa nusu ya chini peke yake. Fumua ule mshono wa katikati tu, unapata kilti ndogo, na ukingo wake tayari.

Nani alifumua wa kwanza? Barua iliyochapishwa mwaka 1785 ilimtaja Thomas Rawlinson, Mwingereza aliyekuwa na tanuri la chuma huko Invergarry, aliyeona wafanyakazi wake wanahangaika na mablanketi. Vazi la taifa, eti kabuni Mwingereza! Mwanahistoria Hugh Trevor-Roper aliishikilia hadithi hiyo mwaka 1983, na Waskoti wakaja juu. Mimi nasema mshono wa kufumua hauhitaji mvumbuzi. Maskini yeyote mwenye kipande kimoja badala ya viwili angevaa hichohicho.

Tarehe 16 Aprili 1746 waasi wa Nyanda za Juu walishindwa vita pale Culloden. Bunge la Uingereza halikutosheka na bunduki zao, likataka na nguo. Sheria ikapigwa: ukikutwa na vazi hilo, miezi 6 ndani bila dhamana. Ukirudia, unasafirishwa ng'ambo kwenye makoloni miaka 7. Ruhusa ilibaki kwa askari wa mfalme. Yaani kilti ni kosa, ila ukienda kufa kwa ajili ya aliyeipiga marufuku si kosa. Sheria ilifutwa mwaka 1782, na mwaka 1822 Mfalme George IV akazuru Edinburgh amevaa kilti, na chini yake soksi ndefu za rangi ya ngozi. Aliyepanga sherehe zile ni Walter Scott. Mwandishi wa riwaya, jamani! Sisi tunaoambiwa kila siku kwamba kalamu haileti ugali, tumkumbuke huyo. Baada yake mitambo ya kampuni ya Wilson pale Bannockburn haikuwa na mapumziko.

Askari ndio waliolipa. Katika vita ya 1914 hadi 1918 vikosi vya Waskoti viliingia mahandaki ya Ufaransa na kilti zao. Chawa wakajaa kwenye marinda. Sufu ililowa matope, usiku baridi ikaigandisha, na ule ukingo mzuri usio na upindo ukageuka msumeno. Kila hatua ulikata nyama nyuma ya magoti.

Ndiyo maana sizimi taa kwa kilti za kushindia, ingawa wazee wa kazi wanazicheka. Mwaka 2000 kampuni ya Utilikilts ilianza Seattle, Marekani, ikishona kilti za pamba nzito zenye mifuko, za kuvaa kazini na kufua nyumbani. Wengine wanatumia nyuzi mchanganyiko za viwandani, yadi 4 au 5 badala ya 8. Humo karibu zote utakuta upindo, na si uvivu. Kitambaa cha pamba cha kiwandani mara nyingi kina vitundu vya sindano za mashine ubavuni, aibu kuuonyesha. Pia ni chepesi, kinavumilia kukunjwa. Siri iko kwenye mpangilio wa kazi: upindo unapigwa kwanza, kitambaa kikiwa bado kimenyooka, ndipo marinda yakunjwe. Ukianza na marinda ukamalizia na upindo, yatakaa upande. Mafundi wengine hupitisha cherehani mara moja tena, kwenye ukingo wa kila rinda toka kiunoni hadi chini, ili likifuliwa lijirudie lenyewe bila pasi.