Fahamu: Sumaku ya tesla 20 iliyokatiwa umeme makusudi

Alfajiri ya Septemba 5, 2021, huko Cambridge, Massachusetts nchini Marekani, sumaku yenye umbo la herufi D ilifikisha nguvu ya tesla 20. Mashine nyingi za MRI hospitalini zina tesla 1.5 tu.

Waliokuwa wakiijaribu ni wataalamu wa chuo cha MIT na kampuni ya Commonwealth Fusion Systems. Lengo lao ni kuzalisha umeme kwa kuunganisha viini vya atomi, kama linavyofanya Jua. Gesi inayotumika huwa ya moto kiasi kwamba hakuna chombo cha kuihifadhi. Kinachoizuia ni sumaku.

Imetengenezwaje?

Ndani yake kuna utepe mwembamba wa supakondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani. Utepe huo, kilomita 267 kwa jumla, umezungushwa kwenye sahani 16 zilizopangwa pamoja.

Inaitwa supakondakta ya "joto la juu", lakini jina lisikudanganye. Ilijaribiwa kwenye baridi ya nyuzi 253 za Selsiasi chini ya sifuri. Ni "juu" kwa sababu zile za zamani huhitaji baridi kali zaidi, karibu nyuzi 269 chini ya sifuri.

Koili ya kawaida, kila mzunguko wa waya hufunikwa kihami. Hapa kihami kiliondolewa. Sehemu ikipata hitilafu, umeme unapita pembeni, kama bodaboda inayokwepa foleni.

Kwa nini ilikatiwa umeme?

Hofu kubwa ni kwenchi: sehemu moja ikipata joto, inaacha kuwa supakondakta, ukinzani unarudi, joto linasambaa na sumaku inaweza kuungua yote. Kituo cha umeme hakiwezi kutegemea kitu ambacho hakuna anayejua kinavyoharibika.

Kwa hiyo katika jaribio la mwisho walikata umeme ghafla, makusudi kabisa. Kona moja ya sahani moja ikayeyuka. Sehemu kubwa ya sumaku ilibaki salama, na wahandisi wakapata data za kulinganisha na hesabu za kompyuta na kurekebisha muundo.

Matokeo yalichapishwa Machi 2024. Teknolojia hiyo sasa inaingia kwenye mtambo wa SPARC unaojengwa Devens, Massachusetts, utakaozungukwa na sumaku 18 za umbo hilo la D.