Mvua na Ardhi ya Stewart

Katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, iko wilaya ya mashamba iitwayo Stewart. Mvua huko haingoji masika wala vuli kama kwetu, bali hunyesha karibu mwaka mzima, yapata milimita 1,200. Katika miezi ya baridi huweza kunyesha kutwa nzima. Katika miezi ya joto, Juni hadi Agosti, huja na ngurumo, ikamwaga maji mengi kwa muda mfupi.

Zamani misitu ilifunika vilima. Majani yaliyapunguzia matone nguvu, na mizizi ikaushika udongo. Wenyeji, watu wa Muscogee, waliondolewa katika nchi hiyo katika miaka ya 1820. Walowezi wakaingia, wakafyeka miti, wakawatumikisha watumwa Waafrika kulima pamba. Matuta yao yalifuata mteremko badala ya kuukinga. Basi kila tuta likawa mfereji.

Udongo wa chini ulikuwa mchanga mlaini. Kufikia mwaka wa 1850 mashamba yalikwisha chimbika kwa kina cha mita moja na zaidi. Leo makorongo ya Providence yana kina cha mita 45 hivi, na tangu mwaka wa 1971 yamekuwa hifadhi ya jimbo. Wageni huzisifu kuta zake nyekundu na nyeupe; lakini pale palikuwa shamba.

Mvua haikuacha desturi yake. Watu ndio walioivua ardhi nguo yake, nao wajukuu wao wakarithi mashimo.