Ukiwa na siku mbili za kukaa Isiolo

Mtu wa Pwani akisikia Isiolo hufikiria mambo mawili: LAPSSET na wizi wa mifugo. Mimi huenda kila mwaka kwa sababu mtoto wa dada yangu ameolewa huko, na nikirudi Mombasa maswali ni yale yale. Unafikaje? Kuna usalama? Kuna nini cha kuona? Basi haya ndiyo majibu yangu, kwa msomaji mwenye siku mbili tatu na nauli ya matatu, si mtalii wa kushuka na ndege.

Njia kwanza. Kwenye ramani ya LAPSSET kuna mstari unaotoka bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, ukaenda hadi Isiolo. Usiufuate. Kwa msafiri wa kawaida safari bado inapita Nairobi. Basi la usiku kutoka Mombasa hukufikisha alfajiri, ukaunganisha siku hiyo hiyo; ukipanda treni ya mchana, lala Nairobi. Matatu utazipata pande za River Road, na mabasi ya Marsabit na Moyale, ambayo hupita Isiolo, huondokea Eastleigh. Ni kama kilomita 285, saa tano au sita hivi.

Kaa upande wa dereva. Mlima Kenya utakuwa kuliani mwako, na ukiondoka Nairobi mapema waweza kuuona kabla mawingu hayajaufunika. Sweta liwe mkononi, si ndani ya begi lililofungwa juu ya gari, kwa maana Timau ni baridi kweli kweli. Halafu barabara inaporomoka kuelekea tambarare za kaskazini, na kabla hujamaliza kushangaa umeshalivua.

Joto la Isiolo si kama letu. Ni kavu, lina upepo na vumbi. Jasho hulioni, kwa hivyo mtu husahau kunywa maji mpaka kichwa kianze kumgonga. Beba leso au kikoi cha kujifunika uso, na mafuta ya midomo. Chumba chukua mbali kidogo na barabara kuu, maana malori ya Moyale hayalali, na uulize kama kuna chandarua.

Kipande usikiache nyumbani. Njiani kuna vizuizi vya polisi, na ukienda mbugani ndicho kinachokupa bei ya mwananchi. Lakini nataka uelewe pia kina maana gani kwa wenyeji. Wakati wa mkoloni Isiolo ilikuwa makao makuu ya wilaya ya mpakani ya kaskazini, na watu walihitaji pasi kuingia na kutoka. Uhuru ulipokuja, vita vya shifta vikafuata, 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari katika eneo la kaskazini hazikuondolewa mpaka 1991. Ile Wabera Street ya Nairobi tunayopita kila siku imepewa jina la Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo aliyeuawa Juni 1963. Ndiyo sababu utasikia mzee akisema anasafiri “kwenda Kenya” akimaanisha Nairobi. Sisi wa Pwani si wa kumshangaa. Pia ndiyo sababu usimpige mtu picha bila kumwomba, na simu yako iweke mfukoni ukipita karibu na kambi za jeshi, nazo ni nyingi.

Kuhusu usalama: mjini mchana utatembea kama unavyotembea Majengo au Kongowea, kwa macho yako mawili. Lami sasa inafika Moyale, karibu kilomita 500, na zile siku za magari kwenda kwa msafara wa askari zimepita, lakini kuvuka Isiolo usiku kuelekea kaskazini mimi sikushauri. Ukitaka kwenda vijijini, waulize wenyeji asubuhi ile ile, si juzi yake.

Salamu ya Kiswahili inatosha, na salamu aleikum inafungua milango mingi. Ukimwambia Mborana “nagaa”, yaani amani, umeshapata rafiki. Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu wote wamo katika mji huu mmoja, kwa hivyo usikisie kabila la mtu kwa sura yake. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa. Fanya shughuli zako mapema.

Asubuhi amka uwaone akina mama wa maziwa ya ngamia wakipakia madumu kwenye mabasi ya Nairobi. Wao ndio waliojenga biashara ile. Ukinunua, anza na kikombe kimoja tu, hasa kama ni yale yaliyochachuka, kwa sababu tumbo geni huharisha.

Siku ya pili changeni watu wanne au watano mkodi gari nusu siku hadi Buffalo Springs, upande huu wa mto Ewaso Nyiro. Bodaboda haingii. Kuna choroa, swala twiga na punda milia wa Grevy, ambao Tsavo si rahisi kuwaona. Shaba iko karibu. Ndiko alikouawa Joy Adamson, Januari 1980.

Sasa jambo ambalo sitalipita haraka. Huenda mtu akakukalisha kwenye chai akakuonyesha ploti “karibu na uwanja wa ndege” au “penye mji wa kitalii wa LAPSSET.” Mimi nimeonyeshwa mara mbili bila kuuliza. Ardhi kubwa ya Isiolo ni ya jamii. Kwa sheria ya ardhi ya jamii ya 2016, ile isiyosajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe, na kaunti yenyewe hairuhusiwi kuiuza. Sembuse dalali? Wewe uliyeona watu wa Lamu na Kilifi wakiamka na kuambiwa wao ni maskwota kwenye makaburi ya babu zao, usiende kuwa ndiye unayenunua. Kunywa chai yake, mshukuru, ondoka.

Ukialikwa nyumbani, peleka halua ya Mombasa au tende. Wao watakupa nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo ikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta, na hukaa majuma mengi bila friji. Kiti cha kurudi kikate jioni ya kuamkia safari, maana mabasi ya Moyale mara nyingi hufika yamejaa. Na kopo la nyirinyiri lifunge kwa nailoni mara mbili, ulipakate mwenyewe.